Mchu, Shakwe na Chumvi

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Mtu akiyanywa kwa kiu, kiu huzidi, maana figo zitatumia maji mengi kuitoa chumvi hiyo kuliko aliyoyanywa. Kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, mchu, mti wa jamii ya mikoko, na shakwe, ndege wa baharini, wanaishi na maji hayo na hawadhuriki.

Mchu huanza kazi mizizini. Sehemu kubwa ya chumvi huzuiwa hapo. Ile inayopenya hupanda na maji mpaka majanini. Siku ya jua kali, mvua ikiwa imeadimika, chuma jani uligeuzegeuze: utaona vipunje vyeupe vinametameta. Lilambe, ni chumvi. Jani limejaa vitezi visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja hutoa tone lake. Jua hukausha maji, kisha upepo na mvua hupangusa kilichobaki.

Shakwe ana tezi mbili tu, zimelala kwenye vishimo vya fuvu juu ya macho. Ndani yake damu hupita ikipishana na vifereji vya majimaji ya chumvi, na yanayotoka huwa makali kuliko bahari yenyewe. Kwa hiyo kila anywapo, hubakiwa na maji ya faida. Majimaji hayo hushukia puani, hufuata mdomo hadi nchani, yakaning'inia; shakwe hutikisa kichwa yakaruka. Ungedhani ana mafua. Tezi zenyewe zilijulikana zamani, lakini kazi yake ilionyeshwa na mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tofauti yao imetokana na unywaji. Mchu hunywa kidogo kidogo, papo hapo ulipoota, basi kazi imegawiwa kila jani. Shakwe humeza samaki na maji kwa mkupuo. Anahitaji chombo chepesi chenye nguvu, kinachofanya kazi chumvi inapozidi na kutulia inapokwisha. Akikaa sana kwenye maji baridi, tezi husinyaa. Akirudi baharini, hukua tena.

Wala hawawezi kubadilishana njia. Shakwe angetoa chumvi mwili mzima, manyoya yangegandamana asiruke. Mchu nao ungekuwa na tezi mbili tu, majani yangeungua kwa chumvi kabla haijazifikia.