Rupia ya Ujiji na Mizani ya Sonara

Rupia ya fedha ya India ina uzito wa gramu 11.66, yaani tola moja, na katika kila mafungu 12 ya madini yake, 11 ni fedha na moja ni shaba. Kipimo hicho kiliwekwa na Kampuni ya India Mashariki mwaka 1835, kikadumu hadi 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, rupia ilipopunguzwa ikawa nusu fedha na nusu madini mengine. Sonara aliweza kuipima tola kwa rupia yenyewe. Ustadi wa kuijua rupia ya kweli unategemea uthabiti huo.

Kwenye Ziwa Tanganyika rupia ilichelewa kufika. Misafara kutoka Bagamoyo na Tabora iliingia Ujiji na nguo na shanga, na msafiri Stanley aliporudi mjini hapo mwaka 1876 alikuta soko likiendeshwa kwa shanga ziitwazo sofi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotoa rupia yake yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, kofia yake ya chuma ikiwa na tai utosini. Uzito wake ulilinganishwa na ule wa rupia ya India, hivyo zote mbili zilikaa mfuko mmoja. Kodi ya nyumba, ujira wa wapagazi na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 vilizisambaza. Waingereza walipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia ziliacha kuwa pesa. Nyingi zikayeyushwa zikawa vikuku na pete, nyingine zikabaki masandukuni. Zipo pia zile zinazosemwa kuwa Wajerumani walizifukia walipowakimbia Waingereza, na maneno hayo ndiyo yanayowapa riziki wauzaji wa bandia.

Mjuzi huanza na mizani, kwa kuwa mizani haidanganywi na rangi. Rupia iliyopita mikono mingi hulika, lakini hupungua sehemu ndogo tu ya gramu. Bandia ya shaba nyeupe yenye ukubwa uleule hufikia kama gramu 10 tu. Mghushi akitaka kufidia uzito, lazima aiongeze unene au upana, na upana wa kweli ni kama milimita 30 na nusu. Humo ndimo ulimo uzuri wa kipimo hiki: uzito, upana na unene ni mashahidi watatu, na madini mengi ya bei rahisi hayawezi kuwaridhisha wote kwa pamoja. Mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kukaribia, lakini huo hushindwa sikioni.

Kwa sikio, rupia huwekwa kwenye ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa sarafu nyingine. Fedha hulia kwa mlio mwembamba unaochelewa kufa. Risasi hutoa kishindo kifupi kisicho na mwangwi. Hata hivyo, rupia halisi yenye ufa nayo hulia vibaya, kwa hiyo fundi makini haihukumu kwa sauti peke yake. Sumaku nayo ina mipaka. Fedha haivutwi nayo, lakini shaba na risasi pia hazivutwi. Na rupia ya 1947, ambayo ni halisi kabisa, hunaswa kwa sababu ni ya nikeli.

Kisha hufuata jicho. Rupia halisi iligongwa kwa chapa ya chuma, na mistari yake midogo ni mikali na imekatika vizuri. Iliyosubiwa kwenye kalibu ina vitundu vya hewa, herufi zilizovimba, na mara nyingi mshono unaozunguka ukingo, hata kama umepitishwa tupa. Ukingo ndio sehemu ambayo mghushi huifanyia haraka na mnunuzi huisahau.

Kusoma ni mlango mwingine wa ustadi huu, na pengine ndio wenye raha zaidi. Malkia Victoria aliandikwa “Queen” hadi 1876. “Empress” ilianza 1877. Mwaka 1862 uliendelea kugongwa kwa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kuzikuta nyingi za mwaka huo si ajabu, lakini 1862 yenye “Empress” ni uongo. Rupia ya Kijerumani hadi 1902 ina jina la kampuni. Kuanzia 1904 ina jina la koloni, bila kampuni. Zipo pia sarafu zenye miungu ya Kihindu na mwaka 1818, zikidai kuwa za Kampuni ya India Mashariki. Kampuni hiyo haikutoa sarafu za namna hiyo. Hizo hazina hata asili ya kuiga.

Shaka ikibaki, yapo maji. Rupia hufungwa kwa uzi mwembamba, ikapimwa ikining'inia ndani ya maji bila kugusa chombo: gramu 11.66 hushuka hadi kama 10.53. Tofauti ikizidi sana gramu 1.13, madini ni mepesi kuliko fedha. Njia hii haiachi alama, ilhali tindikali na tupa ya sonara huijeruhi sarafu hata inapoonekana kuwa ya kweli. Kuisugua kwa majivu mpaka ing'ae nako ni hasara, kwani weusi wake ni sehemu ya ushahidi.

Rupia iliyochomewa kitanzi ili ivaliwe shingoni ndiyo ngumu kuliko zote. Kitanzi huongeza uzito na lehemu huzima mlio, hivyo mizani ya kawaida na sikio havisaidii tena. Hapo fundi hurudi kwenye maandishi, kwenye ukingo ulio mbali na lehemu, na kwenye maji, akigawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopotea majini: jibu likikaribia 10.3, yaelekea madini yake ni ya rupia.