Kasri, Sarafu na Mtu wa Kawaida

Walimu wenzangu, nyumba ya makumbusho nayo ni kitabu, na kila kitabu chastahili kuhakikiwa. Kutoka huku Juba ningependa tulisome pamoja lile kasri la pwani ya Mji Mkongwe wa Unguja, Beit al-Sahel, maana nasi tunafikiri namna ya kuzihifadhi hazina zetu. Atakayejenga yafaa ajifunze kwanza kwa waliotangulia.

Jumba la awali liliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na lililopo likajengwa baada ya hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliacha kuwa makao ya Sultani, na mwaka 1994 likawa makumbusho. Mgeni hupanda ghorofa baada ya ghorofa akipita nyakati: kutoka zama za Sayyid Said hadi za Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hata 1960. Mpango huu ni mzuri, kwani ngazi zenyewe zinasimulia. Chumba cha Sayyida Salme, aliyejifunza kuandika kwa siri na baadaye akachapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, ndicho chenye uhai kuliko vyote. Humo twamkuta mtu, si samani tu.

Lakini hapo ndipo ilipo kasoro. Vitanda, viti na makabati ya wenye enzi yamepewa nafasi kubwa. Mpishi, mtumwa, mchukuzi na mvuvi hawana sauti ya kutosha. Maisha ya watu wa pwani yaliwekwa katika jumba la jirani, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Humo ulikuwamo mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila misumari, uliojengwa upya mwaka 2003. Jumba hilo lilifungwa kwa wageni mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka, watu wawili wakafa. Basi aliyetenganisha mfalme na raia katika nyumba mbili alijikuta amebaki na mfalme peke yake.

Ni kitu gani kingeliwaunganisha? Kwa maoni yangu, ni sarafu. Kitanda cha Sultani hakikulaliwa na mvuvi, lakini pesa ya shaba ya Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijra, ilipita katika viganja vya wote wawili. Kisiwani Pemba, huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, ushahidi kwamba watu wa pwani walifua fedha zao karne nyingi kabla ya makasri haya.

Kwa mwalimu wa lugha, sarafu ni kamusi. *Pesa* imetoka Bara Hindi. *Hela* ni ya Wajerumani. *Shilingi* ni ya Waingereza. *Fedha* ni neno la Kiarabu, nalo ni jina la madini kabla ya kuwa jina la mali. Riale ya Maria Theresa, ambayo hata ilipofuliwa karne ya ishirini iliandikwa 1780, ilitumika Unguja na Uhabeshi pia. Mwanafunzi wa Juba, ambaye katika Kiarabu cha hapa huziita pesa *gurus*, akiambiwa haya hatakiona tena Kiswahili kuwa mgeni aliyeletwa na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Atatambua kwamba maneno, kama sarafu, husafiri kwa mikono ya watu.

Basi tutakapojenga ya kwetu, tusianze na kiti cha mkubwa. Tuanze na mtungi, jembe, ngoma, na sarafu iliyochakaa kwa kushikwa. Na kabla nyumba haijasimama, kila mwalimu awaambie wanafunzi wake walete darasani kitu kimoja cha nyumbani pamoja na jina lake. Makumbusho yatakuwa yamekwisha kufunguliwa.