Diwani ya Sauti: Daniel Barenboim na Mpaka wa Kijiti

Neno diwani halihitaji kufasiriwa mbele ya wapenzi wa ushairi wa mwambao. Mwaka 1819 Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliliazima neno hilo kukiita kitabu chake cha mashairi, baada ya kuvutiwa na ghazali za Hafidh wa Shiraz. Mwaka 1999, katika mji wa Weimar alikoishi Goethe, jina hilo lilitwaliwa tena. Daniel Barenboim, kiongozi wa okestra, na Edward Said, mwanazuoni wa Kipalestina, waliwakusanya vijana wa Kiarabu na wa Kiisraeli wapige muziki pamoja. Okestra yao ikaitwa West-Eastern Divan. Hiyo ndiyo mizani inayofaa kumpimia Barenboim, kuliko vyeo vyake vyote.

Na vyeo hivyo si haba. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1942, akapiga piano hadharani akiwa na umri wa miaka 7, na mwaka 1952 familia yake ikahamia Israel. Aliongoza Orchestre de Paris tangu 1975 hadi 1989, Chicago Symphony Orchestra tangu 1991 hadi 2006, na nyumba ya opera ya Staatsoper mjini Berlin tangu 1992 hadi Januari 2023, alipojiuzulu kwa sababu ya maradhi.

Kiongozi wa okestra hushika kijiti, na kijiti hakitoi sauti. Nota zimekwisha kuandikwa na mtunzi, aghalabu marehemu wa zamani. Hali yake yakaribia ile ya mghani: utenzi ni ule ule, bali pumzi, kituo na mkazo ni vyake. Lakini mghani hutumia koo lake mwenyewe, ilhali kiongozi hughani kwa mikono na vinywa vya wengine. Kwa hiyo kazi yake kuu ni kuwafanya watu wasikilizane. Katika Divan, Mwarabu na Mwisraeli huketi mbele ya kibao kimoja cha nota, na upinde wa fidla ya mmoja hauwezi kwenda kinyume na wa mwenziwe bila ya muziki kuharibika.

Tarehe 21 Agosti 2005 okestra hiyo ilipiga Ramallah. Said hakuwahi kuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 2003. Ilipigwa Simfonia ya Tano ya Beethoven, na ukumbi ukashangilia. Lakini ili wapigaji wafike huko, serikali ya Uhispania ililazimika kuwapa pasipoti za kidiplomasia. Hapo ndipo uwezo wa kijiti ulipokoma. Ukumbini wote walikuwa sawa mbele ya nota. Barabarani, kila mmoja alirudi kuwa mtu wa upande wake, na mlinzi wa kizuizi hakuuliza nani alipiga vizuri.

Wako Wapalestina waliosema kwamba maonyesho kama haya huipamba hali isiyo ya haki, yakaonekana kama kwamba pande mbili zina nguvu sawa. Hoja hiyo ni nzito. Msikilizaji wa Ulaya aweza kupiga makofi, akarudi nyumbani na moyo mwepesi, na kizuizi kikabaki pale pale. Kumsikiliza mtu ni kumpa adabu. Haki yake ni jambo jingine. Barenboim mwenyewe hakulificha hilo: alikiri mara kadhaa kuwa okestra haileti amani, na mwaka 2008 alipokea uraia wa Palestina juu ya ule wa Israel.

Wala yeye mwenyewe hakukosa lawama. Mwaka 2019 baadhi ya wanamuziki walilalamikia hadharani ukali wake. Uchunguzi haukupata sababu ya kumchukulia hatua, na mkataba wake wa Berlin ukaongezwa. Hata hivyo, malalamiko hayo yakumbusha kuwa usikivu wa okestra husimamiwa na mtu mmoja mwenye amri.

Pamoja na hayo, Divan yabaki kuwa kazi yake bora. Vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 havikuibatilisha, kwa kuwa haikuwahi kuahidi kuvizuia. Iliahidi dogo zaidi: kwamba kwa muda wa simfonia moja hakuna atakayeweza kupiga sehemu yake bila ya kumsikia jirani. Ahadi hiyo imetimizwa. Iliyobaki si ya wanamuziki, bali ya wale wenye amri juu ya vizuizi.