Mlango wa turubai

Katiba ya Msumbiji ya 2004, kifungu cha 68, inasema makazi ya mtu hayaingiliwi ovyo. Kuingia kwa mwananchi bila ridhaa yake, mpaka hakimu aamuru. Na usiku, asiingie mtu yeyote pasipo ruhusa ya mwenyewe. Hapo nakisifu kifungu: kinajua usiku ndio wenye hofu.

Tulipokisoma hapa kambini, mama mmoja akauliza: "Sasa hiki kihema changu nacho ni makazi? Mlango wenyewe uko wapi?" Tukacheka, halafu kimya. Palma tuliacha milango ya mbao na makomeo yake, Machi 2021. Waliokuja siku ile hawakupiga hodi.

Basi nikakisoma tena. Hakitaji mbao wala kufuli. Kinataja ridhaa. Kumbe mlango wa sheria ni lile neno la ruhusa. Kwetu pwani si jambo jipya: Surat Nuur inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia, na ukiambiwa rudi, unarudi. Hata pazia la khanga lilitosha.

Kasoro yake ni hii: mchana kinamfikiria hakimu, hakimfikirii mwenye daftari la kuhesabu watu, anayefunua turubai na kusema "samahani mama" akiwa ameshaingia.

Ndugu zetu wa mashirika, turubai haligongeki. Simameni nje, semeni hodi, ngojeni karibu. Msipoitikiwa, rudini kesho.