Mstari wa Makaa

Shangazi yangu alichuma chai upande wa Litein karibu maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akinunua kikapu kwa haraka. Siku ya soko atakiinua, atakipiga kofi ubavuni asikie kama kuna ufito uliolegea, kisha atakivaa mgongoni na kuinama pale pale mbele ya watu, kama aliye katikati ya safu za michai. Mikono inaenda mbele, inarudi juu ya bega, mara tatu, mara nne, aone kama ukingo utamgonga kisogoni. Wengi wangeridhika hapo. Yeye alikuwa akimgeukia muuza viazi wa jirani na kumwomba debe moja la kuazima. Viazi vinamiminwa kikapuni, shangazi anavaa, anatembea hadi langoni na kurudi, taratibu, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Vikapu vingi vilivyompendeza vikiwa vitupu vilirudi kwa mwenyewe baada ya viazi.

Viazi hivyo vilinirudia akilini nikiwa mtu mzima, maji ya Mto Sondu yamenifika kifuani, nimekumbatia kayaki iliyojaa maji na mfuko wa nguo zangu unakwenda na mkondo.

Aliyekulia Kericho au Bomet haulizwi kwa nini anapenda mito. Kwetu mvua ni mgeni wa alasiri. Upepo wa ziwa unapanda tangu mchana, unakutana na baridi ya Mau, wingu linafura, na mara nyingine linashuka na mawe yanayochana majani ya chai vipande vipande. Kwa mwaka Kericho hunyesha karibu milimita 2,000, na maji hayo yote yana pa kwenda. Mito ya Itare na Chemosit inateremka kutoka msituni na kuungana kuwa Yurith. Yurith unapokea Kipsonoi utokao upande wa Bomet, na hapo ndipo Sondu unapozaliwa, ambao Wajaluo huuita pia Miriu. Upande wa pili Nyangores unapita kwenye maporomoko ya Tenwek na mjini Bomet, unakutana na Amala, na jina linageuka kuwa Mara. Kila mmoja kwa njia yake huishia Ziwa Victoria, na kutoka Jinja safari ni ya Nile mpaka Misri.

Safari hiyo ya Nile kuna watu walioimaliza kwa kayaki. Mwaka 1950 Mmarekani John Goddard na Wafaransa wawili, Jean Laporte na André Davy, walianzia kwenye chimbuko la Kagera, nchi ambayo leo ni Burundi, na mwaka uliofuata wakafika Bahari ya Mediterania. Niliposoma habari zao nikiwa shule ya upili, kilichonikaa kichwani hakikuwa viboko wala mamba. Ilikuwa hesabu ya mzigo. Mtu analalaje nje miezi na miezi, nyumba yake yote ikiwa ndani ya chombo chembamba kuliko mlango?

Niseme mapema kwamba huku juu kwetu mito si ya chombo chenye mzigo. Ni myembamba, imejaa mawe na miti iliyoanguka, na inashuka kwa kasi kubwa, kwa kuwa vilima vya Kericho viko mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134. Chini ya mji wa Sondu sehemu ya maji inaingizwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 kulisha mitambo ya umeme ya megawati 60, na mbele yake kuna mitambo ya Sang'oro ya megawati 21. Ni baada ya hapo, uwanda wa Nyakach unapofunguka, ndipo mto unapotulia. Kutoka huko mpaka unapoingia ziwani, kisha kufuata ufuo kuelekea Kendu Bay, ni safari ya siku 3 kwa asiye na haraka, unalala kwa ruhusa ya wenye boma na mbali na njia wanazopandia viboko usiku.

Kayaki yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuwa ya fibaglasi, nyeupe, urefu zaidi ya mita 5, upana sentimita 52. Nilipoijaribu tupu ilipita majini bila sauti, nami sikuuliza swali lingine. Siku ya safari nikapakia unga, maji lita 12, hema, sufuria, jiko la gesi na blanketi. Vitu vizito vilikwenda omo na tezi kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Chombo kikaanza kwenda mrama hata kabla hatujaliacha daraja tulipoanzia. Kwenye kona ya kwanza yenye kasi nilipiga kafi nigeuke, nacho kikaendelea mbele vile vile, kirefu, kizito, hakisikii. Mbele yetu kulikuwa na mti umelala majini. Mti wa namna hiyo ni hatari kuliko jiwe. Jiwe huyasukuma maji pembeni, na chombo hufuata maji. Matawi huyaachia maji yapite na kukizuia chombo na aliyemo. Kwa hofu niliegemea upande mkondo unakotoka, kosa la mgeni, mkondo ukapanda juu ya ubavu na kunipindua. Namshukuru Mungu kwamba mti ule ulikuwa na nafasi upande wa ukingo.

Vitu vyangu nilivikausha kwenye bichi moja karibu na mto unapoingia ziwani, kando ya fundi aliyekuwa akikalafati mashua. Kazi ile ningeweza kuitazama kutwa nzima. Anasokota uzi wa pamba, anaulaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, anaugonga kwa patasi butu kwa mapigo mafupi, na sauti inabadilika kadiri ufa unavyojaa. Mwanzo ni kavu, halafu inakuwa nzito, halafu inafanana na hodi kwenye mlango wa mvule. Ikifika hapo anasogea mbele upana wa kidole, anaanza upya. Mashua nyingi za ziwa hili zimerithi umbo la zile za visiwa vya Ssese, ambazo zamani mbao zake zilishonwa kwa nyuzi, misumari ikaja baadaye. Alipoumaliza ufa wake alikuja kuiangalia kayaki. Sehemu ya juu, ile iliyonivutia mimi, hakuitazama. Alipiga magoti mchangani akapitisha kiganja tumboni mwa kayaki kutoka omo mpaka tezi.

"Hii wameiunda ikimbie," akasema. "Wewe umetaka kuhama nayo."

"Mzee, ni safari ya siku 3 tu."

"Siku 3 ni kuhama. Sasa niambie, ndugu yangu, ikishapakiwa na wewe umo ndani, maji yanafika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua urefu wake, nilijua uzito wake, nilijua na bei. Fundi akaita vijana wawili, tukajaza mchanga kwenye mifuko mpaka ikalingana na mzigo wangu, tukaisukuma kayaki kwenye maji ya magoti. Aliokota kipande cha makaa kilichozimika kutoka jiko la mama aliyekuwa akikaanga samaki, akachora mstari ubavuni pale maji yalipogusa. Akaniambia niingie. Mstari ukazama. Akachora wa pili. Kati ya mstari huo na ukingo wa juu palibaki vidole vinne.

"Kwa asubuhi, sawa," akasema. "Kwa alasiri, hapana."

Upepo wa alasiri aliokuwa akiuwazia ndio ule ule unaopanda kwetu kutunyeshea. Nimeishi miaka yote nikiujua upepo huo kwa matone yake tu. Huku chini kazi yake ya kwanza ni kuinua mawimbi.

Tangu pale nimejifunza kukitazama chombo kama fundi yule alivyokitazama, na kadiri ninavyozidi kujifunza ndivyo ninavyouheshimu ujuzi huu wa kuchagua. Kayaki yenye mzigo ni chombo kingine kabisa na ile uliyoiona dukani. Ikipakiwa vizuri hutulia zaidi kuliko ikiwa tupu, kwa maana mzigo uliolala chini ni farumi. Lakini ikizidiwa, huchelewa kugeuka, huchelewa kusimama, na kila wimbi hupita juu yake. Wala kubwa kupita kiasi si dawa. Ukiwa na mzigo kidogo itaelea juu juu, na upepo utaipeleka unakotaka upepo. Mtu wa kilo 75 anayekwenda siku 3 hubeba kilo 30 hadi 35 pamoja na maji ya kunywa, basi na atafute chombo ambacho kikibeba jumla hiyo mstari wa maji unaangukia pale mjenzi alipoukusudia, bado kiganja kizima kimebaki juu.

Umbo nalo lina maneno yake. Kayaki za maporomoko ni fupi, mita 2 na nusu hivi, zimepinda omo na tezi ili zizunguke papo hapo, na kwenye maji tulivu huyumba kushoto na kulia mpaka mkono uchoke. Za baharini ni ndefu na zinashika njia, ila mtoni kona ikija ghafla utajuta. Kwa Sondu ya chini, ambapo ni mto leo na ziwa kesho, mimi nachagua ya katikati, mita 4 hadi 4 na nusu, upana usiopungua sentimita 60, yenye pezi chini ya tezi la kushusha ukifika ziwani na kupandisha ukiwa kwenye mawe. Na iwe ya polithini. Fibaglasi ni nyepesi na nzuri, ila jiwe moja la Nyakach linatosha kuipasua. Polithini ni nzito kubeba begani, lakini jiwe huiachia mkwaruzo tu. Wapo wanaoshikilia nyingine, nami sigombani nao, mradi wameshakwaruza tumbo la chombo chao kwenye mawe yetu.

Kuna jambo ninalolipenda zaidi ya yote katika historia ya chombo hiki. Wainuit wa Greenland, waliounda kayaki kwa mbao zilizoletwa na bahari na ngozi za sili zilizoshonwa na wanawake, hawakuwa na kipimo kimoja kwa wote. Kila mtu alipimiwa kwa mwili wake. Urefu kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, kama tatu hivi. Upana kwa nyonga na ngumi zake. Mswahili wa pwani anayejua pima, dhiraa na shibiri angeelewana na fundi wa Greenland bila mkalimani. Kwa hiyo ukienda kununua, kaa ndani. Si dakika moja, kaa nusu saa. Nyonga ziguse pande zote bila kubanwa, magoti yapate pa kuegemea chini ya sitaha, nyayo zikanyage mahali imara. Chombo hugeuzwa kwa nyonga na magoti kabla ya kafi, na kiti kinachokuumiza baada ya nusu saa siku ya pili kitakufanya uuchukie mto.

Halafu nenda na sufuria yako. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa kuwa nimewaona watu wakitazama rangi na kusahau mlango. Matumbo ya mbele na nyuma yametengwa kwa kuta zinazozuia maji, na huingiwa kwa vifuniko vya duara au vya yai. Hema linaweza kukunjwa, blanketi linaweza kusongwa, lakini sufuria ni sufuria. Isipopita mlangoni itafungwa juu ya sitaha, na kilicho juu ya sitaha kinavuta chombo kipinduke. Kupakia ni kazi ya subira. Maji na unga karibu na kiti na chini kabisa, mbele kidogo na nyuma kidogo. Nguo na mfuko wa kulalia kwenye ncha. Kushoto na kulia kulingane, mpaka ukiiacha ielee peke yake isiiname popote.

Kayaki yangu ya pili niliipata baada ya kungoja karibu miaka miwili. Ni ya rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua, mita 4 na sentimita 30. Kabla ya kulipa niliipakia mchanga, nikaingia, rafiki yangu akachora mstari kwa makaa, na kiganja kikabaki juu yake. Nyumbani niliufuatiliza mstari huo kwa rangi nyekundu ili usifutike.

Nilipoipitisha Litein nikielekea Sondu, shangazi alitoka akiegemea mkongojo. Aliizunguka mara moja, akautazama ule mstari mwekundu, akauliza ni wa nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa polepole kukubali, akaingia jikoni. Alirudi na kibuyu cha maziwa ya mursik, kile alichokisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, akakiingiza kwenye mlango wa nyuma kwa shingo. Tumbo la kibuyu likakwama. Akakitoa, akakigeuza, akaanza na kitako huku amekilaza upande, na kibuyu kikapita.

"Usikiache huko mwisho," akasema, akisukuma mkono wake wote ndani mpaka begani. "Kikae hapa, karibu na mgongo wako."