Mlevi wa Kike na Mlevi wa Kiume: Tunawaandikaje?

Soma hadithi kumi za vijana wa siku hizi, halafu hesabu walevi waliomo. Utaona kitu. Mhusika wa kiume akigida pombe, mwandishi anatuambia jamaa ana mawazo: kafukuzwa kazi, kaachwa na mchumba, maisha magumu. Wa kike akishika chupa, basi keshaharibika, na ukurasa unaofuata yuko kitandani kwa mtu. Tumeipata wapi tabia hii? Nimerudi kwenye riwaya mbili tulizozikuta mezani kwa wakubwa zetu, nione kama wao ndio waliotufundisha.

Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Wapo walioiona chafu, na kwa muda ikazuiwa mashuleni. Mimi naiona kuwa kitabu cha mtoto anayepigwa. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi wa kutupwa. Nyumbani hela haikai, mama Regina anapata kipigo, na barua moja tu ya kijana Charles inamletea Rosa kichapo cha kumtia hofu ya wanaume wote. Baba anadhani amemlinda binti. Kumbe kamnyima nafasi ya kujifunza kusema ndiyo na hapana kwa akili yake mwenyewe. Rosa anapofika mbali na fimbo ile, hana breki. Mwisho anajiua.

Hapo Kezilahabi kapiga penyewe. Hahubiri kwamba malezi mabaya yana madhara. Anatuonyesha hatua kwa hatua jinsi maumivu ya utotoni yanavyotafuta mlango wa kutokea. Lakini angalia mlango wenyewe. Baba anatokea kwenye pombe, binti anatokea kwa wanaume. Na nina swali kwa Zakaria: yeye aliumizwa na nani? Riwaya inatuingiza ndani ya utoto wa Rosa, tunausikia mpaka unauma. Ndani ya utoto wa Zakaria haituingizi. Tunampokea akiwa mlevi tayari, kama vile wanaume huzaliwa na kibuyu mkononi.

Ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Bwana Maksuudi ni mheshimiwa huko nje, jabari ndani ya nyumba. Mkewe Tamima anaonja ngumi. Binti yake Maimuna anafungiwa ndani, dunia anaichungulia dirishani. Siku anayotoroka, haijui hata njia ya kwendea. Anaangukia danguroni na kwenye pombe, na pombe inamla kweli kweli. Huyu kapewa milango yote miwili kwa pamoja.

Lakini katika nyumba ileile alikulia Mussa, kaka yake. Yeye mlango wa mbele aliachiwa wazi, akasoma, akarudi kumkosoa baba. Yaani baba mmoja, ukali mmoja, watoto wawili, na anayezama ni yule aliyenyimwa kutoka. Said Ahmed Mohamed anatuonyesha kuwa shida ile ile haimkuti mvulana na msichana kwa namna moja. Hilo nampa heko. Ninachomdai ni wokovu wa Maimuna: anapoinuka, anainuka na mume, Kabi. Ina maana mwanamke mlevi hapati nafuu mpaka aolewe?

Sasa tutoke vitabuni kidogo. Mwaka 1998, huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao walitoa utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima mambo ya utotoni: kupigwa, kudhalilishwa, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba. Waliopitia aina 4 au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya kupata ulevi, kutumia dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kupigwa ndiyo usiseme: karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume.

Mvulana 1 kati ya 7! Huyo yuko wapi katika riwaya zetu? Hayupo. Tumemweka kijiweni, tumempa bangi na unga, tumemwita teja, tukapita. Tumemnyima utoto. Na msichana teja naye tumemnyima tiba. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, walioijaza walikuwa wanaume, wanawake walihesabika. Siyo kwamba mabinti hawavuti. Aibu ya mwanamke ni nzito zaidi kuibeba mpaka mlangoni pa daktari, na aibu hiyo sisi wenye kalamu tumeichochea kwa kila "changudoa mlevi" tuliyemwandika.

Wengine watasema basi tuandike kila mlevi na kisa chake cha utotoni. Hapana, jamani, huko nako ni kuhubiri. Wengi walioumizwa wakiwa wadogo hawakugusa chupa. Hatari si hukumu. Mwandishi mzuri atuonyeshe nani alimshika mkono mmoja na nani hakumshika mwingine, kama tunavyoona kwa Mussa na Maimuna.

Kwa hiyo, chipukizi mwenzangu, chukua mswada wako ulioko chini ya godoro. Mtafute mlevi wako. Kama ni mwanamume, muulize alikuwa na miaka mingapi alipoumizwa mara ya kwanza, na kwa nini hakulia. Kama ni mwanamke, mwondoe kitandani kwa watu, mkalishe peke yake na glasi yake, usikilize anasema nini. Akikaa kimya, ngoja. Mimi wangu wa kiume nimemngoja miezi miwili, na juzi ndiyo kaanza kunijibu.