Kidole cha Futi Saba

Kwetu Pangani mvuvi wa mshipi hana ufito. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, chubwi ikatua mchangani, na kidole hicho ndicho kinachomtofautisha changu anayedonoa na mkondo unaopita. Nilikua nikiamini kwamba hakuna chombo kinachosikia kuliko hicho. Baadaye nikahamia Texas, nikapata jirani, mzee fundi seremala aliyestaafu, mwenye fito kumi na tatu zilizosimama ukutani mwa gereji yake. Jioni moja ya Machi nilikaa juu ya ndoo nikamtazama akichagua tano za kwenda nazo Lake Fork. Alitumia saa tatu, na sikuona dakika aliyoipoteza.

Samaki aliyemwandalia yote hayo ni besi, wa maji baridi, mwenye kinywa kipana. Ndiye yule aliyepelekwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Hujibanza penye magogo na majani akisubiri windo lipite. Lake Fork ni bwawa lenye miti iliyoachwa imesimama ndani ya maji, na mwaka 1992 alitoka humo besi wa kilo 8 na robo, rekodi ya Texas.

Mzee hakuanza na fito. Alianza na chambo. Alitandika taulo kuukuu mezani, akapanga juu yake vyambo bandia alivyokusudia kuvitumia, akavipima kimoja kimoja kwa mizani ndogo, ndoana na chubwi zikiwa zimefungwa. Kila ufito umeandikwa juu ya mpini uzito unaoufaa, kwa mfano robo wakia hadi robo tatu, yaani gramu 7 hadi 21 hivi. Maandishi hayo si pambo. Mvuvi anapourudisha ufito nyuma ya bega, uzito wa chambo ndio unaoupinda, na ufito unapojinyoosha ndio unaokirusha. Chambo kikiwa chepesi mno ufito haupindi, na mkono unalazimika kufanya kazi isiyo yake. Kikiwa kizito mno, ufito unaelemewa na hata kuvunjika.

Kwanza akashika mnyoo wa plastiki. Chambo hiki kilibuniwa na Nick Creme kule Ohio mwaka 1949, na baadaye kiwanda chake kikahamia Tyler, mji usio mbali na Lake Fork. Ndoana yake ni moja, na ncha imefichwa ndani ya plastiki ili isinase kwenye matawi. Besi akiuokota mnyoo, mvuvi husikia mguso mmoja tu mdogo, au huona mshipi ukienda kando bila sababu. Hapo ni lazima ndoana ipenye plastiki kwanza, kisha mfupa wa taya. Kazi hiyo inataka ufito mgumu wa nyuzi za kaboni, futi 7, unaopinda karibu na ncha peke yake. Alinipa mwisho wa mshipi nikasimama nao upande wa pili wa uwanja, akainua ufito taratibu. Nguvu ya mkono wake ilinifikia papo hapo.

Halafu akaja kwenye kisamaki cha plastiki chenye ulimi kidevuni, ule unaokizamisha na kukitikisa kinapovutwa. Kina ndoana mbili za ncha tatu, nyembamba, zilizo wazi. Hapa mzee alikawia sana. Watu wengi, alisema, wanachanganya ugumu wa ufito na mahali unapopinda, na hayo ni mambo mawili. Besi hukivamia kisamaki kinapokimbia. Ufito unaopinda nchani tu utamnyang'anya chambo kabla hajafumba kinywa, au utampasua nyama ndoana zing'oke. Kwa hiyo unatakiwa ufito wenye nguvu ya kukivuta kisamaki kinachozama, lakini unaokubali kupinda hadi katikati. Alijaribu mmoja, akaurudisha: ulilegea mno. Wa pili ulikuwa mkaidi. Wa tatu, wa nyuzi za kioo, ulipinda polepole kama mnazi mchanga kwenye kusi, na mzee akatikisa kichwa kukubali.

Mingine ilikwenda haraka. Chambo cha kuchezeshwa juu ya maji kilipata ufito mfupi, futi 6 na nusu, ili ncha ikielekezwa chini isipige maji. Chura wa mpira alipata mnene kuliko yote na mshipi wa kusokotwa, kwa kuwa besi anayemvamia hutolewa ndani ya majani mazito kwa nguvu. Chambo cha gramu 5 kikapata ufito laini, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inayoning'inia chini yake.

Nilidhani amemaliza. Akachukua kibonge cha pamba, akakipitisha ndani ya kila pete ambamo mshipi hupita. Kwenye ufito wa mnyoo, pete ya tatu, nyuzi mbili za pamba zilibaki. Niliitazama pete ile kwa karibu nisione kitu, lakini palikuwa na ufa, na ufa huo ungeukata mshipi kidogo kidogo. Huo ndio ufito alioupenda kuliko yote. Aliufunga uzi mwekundu, akauegemeza ukutani, akateremsha mwingine, akanipa tena mwisho wa mshipi, tukaanza upya tangu mwanzo. Mwishowe alifunga rili, akaulaza ufito juu ya kidole chake cha shahada, mbele kidogo ya rili. Ukatulia bila kuinama upande wowote.

Alfajiri, mashuani, alinipa ufito huo. Niliisikia chubwi ikipanda tawi lililozama, ikasita, ikadondoka upande wa pili. Nilisikia hata tofauti ya tope na changarawe, kama ninavyosikia nikiwa kwetu.

Besi wa kwanza alikuja kwa mzee, kwa ufito wa kioo. Sheria ya Lake Fork inataka besi wa inchi 16 hadi 24 arudishwe majini, na huyu alikuwa na 18. Ndoana zilikuwa zimeshika pembeni mwa kinywa, nyama haikuchanika, na alipoachiwa alipiga mkia mara moja akazama.